Aliyezuia Ngozi Isikauke

Nimewajua watu wengi waliochoka. Thika ya miaka ile ya Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ilijaa uchovu kiasi kwamba hata mbwa wa Makongeni walibweka wakiwa wamelala. Lakini sijapata kuona mtu aliyejua kuchoka kama Tata. Sisi wengine tulichoka ovyo, kiatu huku, koti kule. Yeye alichoka kwa mpangilio. Akirudi kutoka kuuza uji kwenye lango la kiwanda aliketi kwenye kigoda, akaweka debe mbele yake, juu ya debe kikapu, juu ya kikapu mikono, juu ya mikono kidevu, kisha akatulia hapo mpaka kivuli cha nyumba kimfikie miguuni. Ukimsalimia wakati huo alijibu kwa nyusi. Ukimsalimia tena alisema, "Nimeshakujibu."

Tata kwa Kikuyu ni shangazi. Hakuwa ndugu yangu hata kwa mbali. Nilimkuta tu nilipopata chumba pale lokesheni, mtaa wa wafanyakazi Waafrika, ukuta wake ukiwa ndio ukuta wangu, na kwa kuwa alikuwa na umri wa shangazi zangu na sauti yao ile ile ya kukuamuru ufanye kitu ambacho tayari unakifanya, nikamwita hivyo. Ua mzima ukafuata. Jina lake nalijua na sitalitaja, maana hakupenda litajwe. Alisema jina ni kama sufuria, likishikwa na kila mtu hurudi limetoboka.

Mimi nilikuwa mbeba nanasi katika kiwanda cha kutia matunda kwenye makopo. Nilinukia nanasi hata nyuki walinisindikiza kanisani na kukaa nami mpaka sala ya mwisho. Jioni nilisoma ngumbaru, ile shule ya watu wazima, na nikahitimu. Kwa hiyo haya myasomayo hayasemwi na mtu wa hivi hivi. Cheti ninacho. Panya wamekula pembe moja, lakini pembe yenye jina langu waliiheshimu.

Tata naye alikuja ngumbaru. Alikaa benchi la nyuma kabisa, akaegemea ukuta, akalala. Mwalimu wetu alikuwa kijana mpole aliyetuogopa, maana nusu ya darasa ilikuwa na umri wa mama yake. Siku moja alijikaza.

"Mama, umeelewa?"

"Endelea, mwalimu. Nasikia vizuri nikifumba macho."

"Basi niambie hii ni herufi gani."

"Hiyo uliuliza juzi," Tata akasema bila kufumbua. "Haijabadilika."

Tulicheka mpaka mwalimu mwenyewe akalazimika kugeukia ubao. Tukiwa njiani kurudi, tukikimbizana na kafyu, ile marufuku ya kutembea usiku, nilimwuliza kwa nini anajisumbua kuja. Alisema pale ndipo mahali pekee Thika nzima penye benchi ambapo hakuna mtu wa kumwomba uji, wa kumdai kipande cha utambulisho, wala wa kumwuliza mume wake yuko wapi.

Hilo swali la mume nitalifikia. Ni zito, na mimi kama mbeba mizigo nimejifunza kuanza na vilivyo vyepesi.

Alikuwa na maneno yake. Mungu alipumzika siku ya saba, alisema, kwa sababu hakuwa na majirani. Kuhusu Wazungu waliokuja kwa magari mpaka ile hoteli ya Chania, wakakaa na vikombe vya chai kutazama maporomoko, alisema, "Wametoka mbali hivyo kuangalia maji yakianguka. Wangekuja hapa waniangalie mimi." Hakutabasamu alipokuwa akisema vitu kama hivyo. Ungemwona anafungua tu kamba ya kikapu, taratibu, kana kwamba ile kamba nayo imefanya kazi tangu alfajiri na inastahili kuhurumiwa.

Wala hakuwa mtu wa upande mmoja. Alikuwa Mkristo wa kubatizwa, asiyekosa ibada, na kikopo chake cha ugoro alikitunza ndani ya mfuko wa Biblia. Alisema hapendi watu, na bado mgonjwa yeyote wa ua wetu akifumbua macho alimkuta Tata amekaa kando ya kitanda, akimlaumu kwa kuugua. Alisema kulia ni kupoteza maji. Lakini jambo lililonishangaza kuliko yote ni ngozi.

Ngozi alizichukia. Alipokuwa msichana alivaa ngozi kama wenzake wote wa wakati ule, na siku ya kubatizwa akapewa kanzu ya kaniki. Kwake yeye mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja: aliivua ngozi akavaa jina jipya, basi, hakuna kurudi nyuma. Akimwona bibi kizee kutoka kijijini bado amejifunga kipande cha ngozi alitazama pembeni kama mtu aliyeona deni lake la zamani linatembea. Na mwanamke huyo huyo, mimi kwa macho yangu, nilimwona kwa miezi akiilea ngozi moja kama mtoto mgonjwa.

Ngozi hiyo iliingizwa nyumbani na mzee wake. Mzee alikuwa msuuzaji katika kiwanda cha ngozi, na alikuwa kinyume cha mkewe katika kila kitu. Aliongea. Aliongea akila, aliongea akinyoa ndevu, na akilala aliongea pia, maana ukuta wetu ulikuwa mwembamba kama kaki. "Angekuwa gramafoni," Tata alisema, "sindano ningekuwa nimeshaivunja."

Walikuwa na binti mmoja tu, ameolewa Ruiru, upande wa Mwiki, ambako mumewe alikuwa kibarua wa shamba la kahawa. Mtoto wao wa kwanza alikufa kabla hajajua kucheka. Binti alipopata mimba tena, mzee alisimama katikati ya ua akatangaza, kwa sauti ya mtu wa mnada, kwamba mjukuu huyu atabebwa katika ngoi. Ngoi ni mbeleko ya ngozi, ya Wakikuyu wa zamani. Ngozi ataitengeneza yeye mwenyewe, alisema, mpaka iwe laini kama sikio la mbuzi, na mtoto akilala humo hataondoka tena.

Mkwe wake akamletea ngozi ya pongo, yule swara mwekundu wa vichakani, aliyekuwa ameuawa na mbwa wa shamba. Mzee akaikwangua manyoya, akatwanga magome ya mwati, mti wa dawa ya ngozi, akaitumbukiza ndani ya nusu pipa nyuma ya nyumba. Maji yakawa mekundu kama chai ya rangi, na ua mzima ukanuka. Nasema ukanuka. Hata nyuki wangu walihama.

"Unaniletea ushenzi mlangoni," Tata alimwambia. "Watoto siku hizi wanabebwa na shuka. Hata mke wa mchungaji anabeba na shuka."

"Na mtoto wa mke wa mchungaji analia kutoka Jumapili hadi Jumapili. Mimi nilibebwa kwenye ngozi, na niangalie nilivyo mzuri."

"Nimekuangalia. Ndiyo maana nasema shuka."

Alimnunia. Na ninapotaja kununa kwa Tata msifikirie kununa kwa watu wa kawaida. Ilikuwa kama jiko limezimwa ndani ya nyumba.

Hapa lazima nieleze kazi yenyewe, kama mzee alivyotueleza, ingawa yeye alichukua siku nzima na mimi nitajitahidi kumpunguza. Ngozi ikitoka kwenye maji ya magome haitaoza tena upesi, lakini bado haijaamua itakuwa kitu gani. Ukiianika ikauke yenyewe inakuwa ubao, ukiigonga inaitika. Ukitaka iwe laini ni lazima uwe nayo wakati inapokauka. Unaikamua, unaipaka mafuta ya mbarika, kisha unaivuta huku na huku juu ya kitu chenye ukingo butu. Yeye alisimika gogo na kupigilia juu yake kipande cha panga kuukuu lisilo na makali. Unavuta kwa urefu, unavuta kwa upana, unakunja, unasugua, kivulini, kamwe si juani, na huachi mpaka maji ya mwisho yatoke ngozi ikiwa bado inatembea. Kujua kama imekauka unaiweka shavuni. Ikiwa baridi, ndani bado kuna maji. Na ukiiacha kidogo tu upumzike, inapumzika nayo, na ikishapumzika imekuwa ubao, urudi kwenye maji uanze upya.

Sasa, kuvuta ngozi ilikuwa kazi ya wanaume tangu zamani, hata kama vazi lenyewe ni la mwanamke. Na ngozi iliyoanzwa na mwanamume mmoja haikuguswa na mwingine huku mwenyewe yuko hai, labda awe ameikabidhi kwa mkono wake. Kufanya hivyo ilikuwa kama kugawa mashamba ya mtu ambaye bado anakula.

Asubuhi aliyoitoa pipani ndiyo ilikuwa asubuhi ya msako. Alikuwa ameikamua, ameipaka mafuta, na ameivuta mara chache tu juu ya gogo, akitufafanulia kila hatua kana kwamba tumelipa kiingilio, malori ya askari yalipoingia. Tukasukumwa wote mpaka uwanjani, wanaume huku, wanawake kule, tukachuchumaa mikono kichwani. Mbele yetu alisimamishwa mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, aliyewekwa hapo kuwachongea waliosaidia wapiganaji wa msituni. Ukipita mbele yake akatulia, umepona. Akiinamisha kichwa, unapanda lori. Mzee alipopita, kichwa kikainama. Kwa nini, sijui mpaka leo.

Tata alikuwa bado amenuna. Mzee akiwa juu ya lori alimtafuta kwa macho kati ya wanawake wote wale, akampata, akapaza sauti.

"Irudishe kwenye maji. Nikirudi nitaimalizia."

Askari akamkalisha. Tata hakujibu. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa bado anatafuta neno la kumkomesha, na lori likawa limeondoka kabla hajalipata.

Tulipoachiwa mchana alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Upande mmoja wa ngozi ulikuwa umeshaanza kukakamaa kwa upepo. Akaikunja, akaitumbukiza pipani, akaikandamiza kwa jiwe. Halafu akaingia ndani kupika, maana uji wa kesho hauulizi nani amechukuliwa.

Hivyo ndivyo miezi ile ilivyokwenda. Jioni, baada ya debe na kikapu na kidevu, aliinuka. Wakati wa kuinuka magoti yake yalilia hata mimi niliyasikia ndani kwangu. Aliigeuza ngozi, akamwaga maji yaliyochacha, akatia mengine na magome mapya aliyoyabeba mwenyewe kutoka vichaka vya mwati, mbali huko. Ngozi ikitaka kukauka ukingoni aliirudisha. Aliizuia isikauke kama vile sisi wengine tulivyozuia watoto wasitoke nje wakati wa kafyu.

Fundi seremala wa chumba cha mwisho, mtu wa makamo, mwenye masharubu aliyoyapenda kuliko wateja wake, hakuacha kumchokoza.

"Tata, hiyo ngozi unaifuga?"

"Naifuga. Ikizaa nitakupa ndama."

"Na mwenyewe hajaleta habari?"

"Ataleta mwenyewe. Wewe unajua anavyopenda kueleza."

Habari pekee ilikuja kwa mdomo wa mtu aliyeachiliwa, aliyepita Thika akielekea kwao. Alisema amemwona mzee kwenye kambi ya kizuizini, anavunja mawe. Tata akamwuliza kama bado anaongea. Mtu yule akafikiri, akasema hakumbuki kumsikia. Tata akamjazia uji mpaka ukamwagika mkononi.

Halafu ngozi ikaanza kuharibika. Maji ya magome yana uvumilivu, lakini si wa milele. Madoa ya ukungu yakatokea, meupe, na ukingo mmoja ukawa na utelezi. Na kule Ruiru tumbo la binti lilikuwa limeshuka. Hapo ndipo Tata alipobanwa. Akiendelea kumngojea mzee, ngozi itaoza na mjukuu atafika bila kile alichoahidiwa. Akiimalizia yeye, basi anasema mbele ya watu wote kwamba hamngoji tena.

Alianza kwa seremala.

"Nisaidie umalizie hii ngozi. Wewe ni mwanamume, na mikono unayo."

"Tata, hiyo siigusi. Mwenyewe yuko hai."

"Nani kasema amekufa?"

"Nikiivuta mimi, ndivyo nitakuwa nimesema."

"Basi nitaivuta mimi."

"Wewe ni mwanamke."

"Hilo nililijua kabla yako."

Wakaja pia akina mama wa kanisa, watatu, wamevaa vitambaa vyao vyeupe, kumwambia kwa upole kwamba ngoi ni mambo ya gizani. Tata akawapa viti. "Ndivyo nilivyomwambia mzee wangu," akasema. "Maneno haya haya, hata mimi niliyasema vizuri kuliko nyinyi. Sasa nendeni mkamwambie na nyinyi, mimi sijaruhusiwa kumwona." Wakakaa kidogo, wakaangalia miguu yao, wakaondoka.

Aliivuta Jumapili. Ilikuwa wakati wa ukavu, upepo wa vumbi kutoka upande wa Yatta, siku ambayo hata kamasi hukauka kabla hazijatoka. Kanisa likapiga kengele, na mwanamke asiyekosa ibada akatoka na ngozi mkononi, akaikamua, akaipaka mafuta mpaka viwiko vyake vikang'aa, akaitandaza juu ya gogo.

Mimi nilijitolea kushika upande wa pili, kwa kuwa mimi si mvutaji, ni mshikaji tu, na hilo tulikubaliana kwamba si mwiko. Wapendwa, nimebeba masanduku ya nanasi ambayo punda wangeyakataa. Siku hiyo mama wa uji alinivuta mimi pamoja na ngozi, nikazunguka gogo lile kama mbuzi wa kamba. Kufikia saa nne mabega yangu yalikuwa yameshaandika barua ya kuacha kazi. Yeye hakukaa. Hakula. Alikunywa maji amesimama, kikombe mkono mmoja, ngozi mkono wa pili inaendelea kutembea.

Na aliongea. Mwanamke aliyejibu salamu kwa nyusi aliongea siku nzima, si na mimi, bali na mtu ambaye hakuwapo.

"Ukaona shuka ni mbaya," alisema, akavuta. "Ukaona blanketi ni baya." Akavuta. "Ukapita mbele ya mtu wa gunia umemkazia macho, kana kwamba mnafahamiana." Akavuta. "Si ungetazama chini kama watu wengine. Ungepungukiwa na nini."

Watu walitoka kanisani, wakapita. Mchana gogo likaanza kulegea, kila tukivuta linayumba, na ngozi ilikuwa imefika pale pabaya, nusu maji nusu ubao, ambapo huwezi kuacha hata kidogo. Tata akalitazama lile gogo. Hakumwita mtu. Seremala alikuwa ameegemea mlango wake tangu asubuhi, akijifanya anachonga mpini ambao kufikia saa hiyo ulikuwa umebaki kijiti cha meno. Akaja. Akapiga magoti, akalikumbatia gogo kwa mikono yote miwili, masharubu yamegusa panga.

"Mimi ngozi sijashika," akasema. "Nimeshika gogo. Gogo ni mti, na mti ni kazi yangu."

"Sijakuuliza," Tata akasema. "Shika."

Jua lilipoanza kuinama aliiweka ngozi shavuni. Upande mmoja, kisha mwingine. Sisi wawili tulingoja kama watu wanaongojea hukumu. Haikuwa baridi. Nilipoishika mimi ilianguka juu ya mkono wangu kama kitambaa, yenye joto na harufu ya mafuta, na nikaapa, na bado naapa, kwamba hakuna mfalme aliyewahi kulalia kitu laini namna ile. Tata akaikunja mara mbili. Mikono yake ilikuwa imekataa kufunguka, vidole vimejikunja kama bado vinavuta. Akasema, "Basi," akaingia ndani, na siku iliyofuata lango la kiwanda halikuwa na uji.

Alipata ruhusa ya kusafiri, akaipeleka Ruiru kwa treni. Mtoto akazaliwa, msichana. Akabebwa humo. Akaishi.

Mimi na Tata tulipotezana baada ya hapo, kama watu walivyopotezana miaka ile. Binti alimchukua akae naye. Mimi nikapata kazi ya ukarani kwenye ghala la kahawa huko huko Ruiru, kwa nguvu ya cheti changu na, nadhani, kwa sababu nilikuwa nimeacha kunuka nanasi. Emajensi ilikuwa inafifia na watu walikuwa wanarudi kutoka kambini, mmoja mmoja, wengine ukikutana nao njiani unawapisha bila kujua kwa nini. Nikasikia mzee amerudi. Jumamosi moja mchana nikanunua sukari na majani ya chai, nikafuata njia ya Mwiki kwa miguu.

Nilimkuta Tata uani, kwenye kigoda, anachambua maharagwe. Amezeeka, lakini ule mpangilio wa kuchoka ulikuwa pale pale.

"Umenenepa," akasema. "Karani sasa."

"Namshukuru Mungu, Tata. Mzee yuko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Ukutani, kwenye kivuli, alikaa mtu mwembamba mwenye kofia. Nikamwendea, nikamsalimia kwa mikono miwili. Mkono wake ulikuwa mgumu kama kwato. Alinitazama kwa adabu, kama abiria anavyomtazama abiria mwenzake, kisha akarudi kutazama mbele.

Nikarudi kwa Tata. Aliongea bila kupunguza sauti.

"Hasemi. Tangu arudi hajasema neno. Anakula, anaosha sahani yake, anakaa pale. Binti anamwuliza, Baba, unataka chai? Anainua kikombe. Mchungaji amekuja akaomba, akachoka, akaenda. Mimi nimemsema kwa kila kitu ninachojua kusema." Akatupa haragwe bovu. "Usiku naamka nisikilize kama anaongea usingizini. Hata usingizini, bwana, hakuna."

Nikaomba kuchambua maharagwe nami.

Baadaye kidogo binti akatoka nyumbani na mtoto mgongoni. Alikuwa wa pili kubebwa humo, mvulana. Msichana wa kwanza alikuwa anakimbiza kuku. Binti akafungua ngoi, akamlaza mtoto kwenye mkeka, akaiweka ngozi juu ya benchi kando ya baba yake ili aende kuteka maji. Ilikuwa imekuwa nyeusi kwa matumizi, inang'aa pale migongo ilipoisugua.

Mzee aliitazama muda mrefu. Halafu akaichukua. Nikamwona Tata ameacha mikono ndani ya ungo. Mzee aliifungua juu ya magoti, akapitisha kidole gumba taratibu, kutoka mkiani kuelekea juu, kama mtu anayesoma. Alipofika shingoni akasimama. Akarudia hapo. Akaiinua, akaiweka shavuni, akaishusha.

"Hapa haikuvutwa," akasema.

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango wa ghala. Kuku waliendelea na mambo yao. Tata hakugeuka. Alikuwa anatazama maharagwe.

"Hapo nilichoka," akasema.

"Ngozi ya shingo ni nene." Akapumua, kana kwamba maneno yale yalipandishwa kutoka kisimani. "Inataka kulowekwa tena."

"Haya."

Nilitaka kusema kwamba ngozi ile haina kasoro, kwamba nilikuwepo, nilishika upande wa pili. Nilishafungua mdomo. Tata akanikanyaga mguu, si kidogo. Kisha akainuka, magoti yakilia, akaleta maji kwenye karai, akaliweka miguuni pa mumewe, akavuta kigoda chake akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Mzee akachovya vidole, akalowesha shingo ya ngozi. Tata akashika upande wa pili bila kuambiwa.

"Na hapa," mzee akasema. "Begani. Mlikimbia."

"Tulikimbia, ndiyo. Wapi tena?"

Akaigeuza. Akatafuta kwa kidole gumba. Mimi naapa kwa cheti changu kwamba pale alipogusa palikuwa laini kama maziwa.

"Hapa."

"Ni kweli, ni pabaya," Tata akasema, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni bila yeye kuyafuta. "Wapi tena?"

Jua lilikuwa linaondoka na mimi nilikuwa na njia ndefu ya kurudi. Nikaaga, hakuna aliyenisikia. Walikuwa wamefika tumboni mwa ngozi tu, na mgongo wote ulikuwa bado.